Kutambua Uyoga wa Moreli na Mahali Unapoota: Mwongozo kwa Wasemaji wa Kiswahili Walioko Magharibi ya Kati ya Marekani

Mtu aliyekulia Kigoma, Uvira au Makamba hahitaji kufundishwa kwamba uyoga ni chakula. Mvua zikishika, vichuguu hutoa uyoga mweupe wenye mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makazi ya mchwa, na watoto hutumwa na vikapu alfajiri kabla jirani hajawatangulia. Tatizo huanza mtu huyo anapohamia Iowa, Illinois au Kentucky, akapita msituni na kuona uyoga mweupe uliosimama vizuri, naye akaamini kuwa ameonana na rafiki wa zamani. Uyoga wa vichuguu hauoti kabisa katika bara la Amerika, kwa sababu mchwa wanaoulima wanaishi Afrika na Asia peke yake. Uyoga mweupe unaoonekana huko msituni huenda ukawa Amanita bisporigera, ambao huharibu ini na kuua. Huko California wahamiaji kutoka kusini-mashariki mwa Asia wamepata sumu kwa namna hiyohiyo, wakichuma Amanita phalloides kwa kudhani ni uyoga wa mashamba ya mpunga waliouzoea kwao.

Ndiyo maana ninapoulizwa na ndugu zetu ni uyoga gani wa porini waanze nao katika nchi hii, huwatajia moreli. Haufanani na uyoga wowote tuliozoea kula nyumbani, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya utotoni ya kutudanganya, na kila mmoja wetu analazimika kuutazama upya kama mwanafunzi. Pia unaheshimiwa sana na wenyeji: jimbo la Minnesota liliufanya kuwa uyoga wake rasmi mwaka 1984, na huko Kentucky wazee huuita kwa jina lenye maana ya samaki wa nchi kavu, kwa kuwa ukipasuliwa kwa urefu, ukapakwa unga na kukaangwa, vipande vyake hufanana na samaki wadogo.

Hatua ya kwanza: kuijua sura yake

Moreli huwa na sehemu mbili, kofia na shina. Kofia ina umbo la yai refu au la koni, na ngozi yake yote imejaa vishimo vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, kama sega la nyuki lililokaushwa juani. Vishimo hivyo huingia ndani kwelikweli, kiasi kwamba ncha ya kidole kidogo huweza kuzama kidogo katika vile vikubwa. Chini ya kofia hamna zile kurasa nyembamba tunazoziona chini ya uyoga wa kawaida, kwa sababu moreli hutengeneza spora zake, yaani mbegu zake ndogo kama vumbi, ndani ya vishimo vyenyewe. Shina ni jeupe au la rangi ya maziwa, lina chembechembe ndogo juu yake kama chumvi iliyonyunyizwa, na mara nyingi hupanuka kidogo karibu na ardhi. Moreli nyingi utakazookota zitakuwa na urefu wa sentimita 5 hadi 15.

Katika eneo la Magharibi ya Kati kuna makundi mawili ya kuyajua mapema. Moreli nyeusi, ambayo mashariki mwa nchi huwakilishwa zaidi na Morchella angusticeps, hutangulia kuota, nayo hutambuliwa kwa kuta za vishimo vyake ambazo hugeuka kahawia iliyokolea na hatimaye nyeusi kadiri inavyozeeka. Moreli ya manjano, Morchella americana, hufuata baadaye: ikiwa changa vishimo vyake ni vya kijivu na kuta zake ni nyeupe, kisha yote hugeuka rangi ya asali, lakini kuta zake hazigeuki nyeusi. Watu wengi huuza moreli changa ya kijivu kama aina ya pekee, ingawa mara nyingi ni ileile ya manjano ambayo haijakua. Uainishaji wa wanasayansi ulibadilika sana mwaka 2012, aina nyingi za Amerika Kaskazini zilipopewa majina mapya, kwa hiyo msomaji asishangae kukuta vitabu vya zamani vikiita karibu kila moreli ya manjano Morchella esculenta, jina ambalo sasa hutumika kwa moreli ya Ulaya.

Hatua ya pili: kisu

Picha haitoshi. Hata moreli iliyo wazi kabisa machoni nataka ipasuliwe kwa urefu, kuanzia ncha ya kofia hadi chini ya shina, na zoezi hili lifanyike kwa kila uyoga, si kwa mmoja tu ulio juu ya kikapu.

Ukipasua moreli ya kweli utaona uwazi mmoja usiokatika. Shina ni tupu, kofia ni tupu, na nafasi hizo mbili zimeungana kama chumba kimoja kisicho na ukuta katikati. Ukuta wenyewe ni mwembamba, mweupe ndani, na ukiupapasa utahisi vijipele vidogo. Angalia kisha mahali kofia inapokutana na shina: katika moreli ya manjano ukingo wa chini wa kofia umeshikana na shina pande zote, na katika moreli nyeusi kuna mfereji mdogo tu kabla ya kushikana. Usishtuke ukikuta sisimizi au konokono wamejificha humo, nao wamepapenda.

Sasa tuwatazame wanaojifanya moreli. Wa kwanza na wa hatari zaidi ni jamii ya Gyromitra. Kofia zao hazina vishimo bali mikunjo, iliyojikunjakunja kama ubongo wa mbuzi, na rangi yake mara nyingi ni kahawia yenye wekundu. Ukipasua hukuti chumba kimoja, bali vijumba vingi vya mkunjo juu ya mkunjo na nyama iliyojazana. Aina mashuhuri zaidi inaitwa Gyromitra esculenta, na neno hilo la mwisho katika Kilatini lina maana ya kitu kinacholika, jina ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kufutwa zamani. Uyoga huu una kemikali inayoitwa jiromitrini, ambayo mwilini hugeuka kuwa monomethili-hidrazini, kitu kilekile kinachotumika kuendesha roketi. Sumu hiyo huruka pamoja na mvuke, hivyo hata kuusimamia jikoni ukichemka ni hatari. Wafini wanaula baada ya kuuchemsha kwa utaratibu wao, na utasikia Wamarekani wazee wakisema wameula miaka yote bila shida. Usiwaige, kwa kuwa kiasi cha sumu hutofautiana kutoka uyoga mmoja hadi mwingine na kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Wa pili ni Verpa bohemica, ambayo huota mapema, mara nyingi kabla ya moreli. Kofia yake ina makunyanzi marefu ya kusimama, na kwa mbali inashawishi sana. Ukiipasua siri hutoka mara moja: kofia imeshikamana na shina kwenye ncha ya juu tu, pande zote zinaning'inia huru kama kofia iliyovikwa juu ya kidole, na shina changa limejazwa nyuzi laini mfano wa pamba. Baadhi ya watu huumwa tumbo na kupoteza uthabiti wa miguu baada ya kuila. Katikati ya Verpa na moreli tulizozieleza kuna moreli halisi inayoitwa Morchella punctipes, ambayo kofia yake imeshikana na shina kwenye nusu ya juu na kuachana nalo kwenye nusu ya chini. Hii huliwa, ila kwa kuwa humchanganya mgeni na ile ya pamba, ninashauri iachwe msituni katika msimu wa kwanza. Jamii ya Phallus nayo ina kofia yenye vishimo na shina tupu, lakini imepakwa ute unaonuka mzoga na kuvuta nzi, na kwa kawaida hutokea majira ya joto na vuli, hivyo pua na kalenda vitakusaidia.

Hatua ya tatu: kusubiri ardhi ipate joto

Moreli haitazami tarehe, hutazama joto la udongo. Chukua kipimajoto cha nyama kinachouzwa dukani, kichomeke ardhini kina cha sentimita 10, nawe anza kutafuta kinaposoma kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi, yaani 50 hadi 55 za Farenhaiti. Mchana uwe umefikia nyuzi 15 au zaidi, usiku usiwe wa kugandisha, na mvua iwe imenyesha siku chache nyuma. Ardhi iliyokauka haitoi kitu hata joto likiwa sawa.

Kwa hiyo msimu hutembea kutoka kusini kwenda kaskazini. Kentucky na kusini mwa Missouri huanza mapema mwezi Aprili, Illinois ya kati na Iowa hufuata katikati na mwishoni mwa mwezi huo, na sehemu za kaskazini za Minnesota na Michigan husubiri hadi Mei. Katika kilima kimoja pia kuna mpangilio: mteremko unaotazama kusini hupata jua mapema na kutoa kwanza, na ule wa kaskazini hutoa wiki moja au mbili baadaye, jambo linalomwezesha mchumaji mwenye subira kurefusha msimu wake bila kubadilisha msitu.

Mimea nayo husema. Wenyeji hutazama majani ya mwaloni yakifika ukubwa wa sikio la panya, maua ya lailaki yakianza kufunguka, na ule mmea mfupi wa msituni wenye jani kama mwavuli mdogo ukisimama wima na kujifungua. Ukiona miavuli hiyo imetandaa kila mahali na kuanza kuchanua maua meupe chini ya majani, umeshaingia katikati ya msimu na hupaswi kuahirisha hadi Jumamosi ijayo.

Hatua ya nne: kutafuta mti kabla ya kutafuta uyoga

Kosa la wageni wengi ni kuingia msituni na kuinamisha macho chini tangu hatua ya kwanza. Mchumaji mzoefu hutembea ametazama juu, akitafuta mti fulani katikati ya mia, na hushusha macho akishaufikia.

Mti wa kwanza ni elmu ya Kimarekani iliyokufa karibuni. Miti hii inauawa na ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mbawakawa wa gome, ulioingia Marekani kupitia Ohio mwaka 1930, na hadi leo elmu changa hukua, hufikia unene fulani, kisha huugua na kufa. Moreli ya manjano huishi na mizizi ya mti huo kwa namna ambayo wanasayansi bado wanaijadili, lakini kinachoonekana kwa macho ni hiki: mti unapokufa, uyoga huibuka kwa wingi, pengine kwa miaka miwili au mitatu, kisha hutoweka. Mti unaoutaka ni ule ambao gome lake limeanza kulegea na kuachia mabamba makubwa, huku matawi membamba ya juu yakiwa bado yapo. Ukiwa umebaki kijiti kitupu kilichokaushwa na jua, bila gome hata kidogo, umechelewa.

Namna ya kuitambua elmu isiyo na majani inastahili kuelezwa taratibu. Kwa mbali umbo lake ni la ufagio wa chelewa uliosimamishwa na kichwa juu: shina moja hugawanyika katika matawi makubwa yanayopanda kwa pamoja, kisha ncha zake humwagika nje. Ukifika karibu, okota kipande cha gome kilichoanguka, kivunje kwa upana, na utazame kingo iliyovunjika. Utaona mistari ya rangi mbili, kahawia na nyeupe kama krimu, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka kama nyama yenye mafuta. Mistari hiyo ni ya elmu ya Kimarekani. Kipande kikiwa kahawia tupu bila weupe, huenda ni elmu ya aina nyingine, ambayo nayo si mbaya. Mara ya kwanza nilipopata gome lenye mistari hiyo nilisimama chini ya mti ule kwa dakika nyingi bila kuona chochote ila majani makavu. Nilichuchumaa kufunga kamba ya kiatu, na kutoka usawa ule wa chini nikaona ya kwanza, kisha ya pili nyuma yake, na nilipohesabu zilikuwa kumi na moja ndani ya duara nililokuwa nimelikanyaga.

Baada ya elmu tafuta eshi, hasa katika Michigan, Indiana na Ohio. Matawi yake hutoka mawili mawili yakitazamana, na gome la mti mzima lina mifereji inayokatana mfano wa almasi. Miti mingi ya eshi imekufa kwa sababu ya mdudu wa kijani anayeng'aa kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002. Anapotoka huacha tundu dogo kwenye gome lenye umbo la herufi D. Kwa eshi, tofauti na elmu, usiupuuze mti ulio hai. Kusini zaidi, katika Kentucky, Tennessee na sehemu za Ohio, mti wa tulipu ulionyooka kama nguzo huwa na moreli yake ndogo, Morchella diminutiva, ambayo huhitaji macho makali. Mabonde ya mito yenye udongo wa mchanga na miti mikubwa ya popla pia yana sifa nzuri, ili mradi mafuriko yawe yameshuka.

Mashamba ya zamani ya matufaha yanasifiwa mno, lakini mimi siyasifii. Kabla ya katikati ya karne iliyopita miti ya matufaha ilinyunyiziwa dawa yenye risasi na arseniki, mabaki yake hayaondoki udongoni, na uyoga una tabia ya kuyafyonza. Epuka vilevile kando za reli, kingo za barabara kubwa na viwanja vinavyopigwa dawa za magugu. Kwa walioko magharibi, kuanzia Montana hadi Oregon, habari ni nyingine kabisa: huko moreli hufurika katika misitu ya misonobari majira ya kuchipua yanayofuata moto wa mwaka uliopita, na wachumaji hufuata ramani za moto badala ya elmu.

Hatua ya tano: ruhusa, wawindaji na kupe

Msitu wa Marekani una mwenyewe, hata usipoona uzio. Katika ardhi ya mtu binafsi piga hodi na uombe; katika ardhi ya umma soma kanuni za eneo husika, kwa sababu hutofautiana. Majimbo mengi huruhusu uyoga wa kula nyumbani na kukataza wa kuuza bila kibali. Katika baadhi ya maeneo ya serikali ya Illinois, mchuma uyoga haruhusiwi kuingia kabla ya saa saba mchana wakati wa msimu wa kuwinda bata mzinga, na msimu huo huangukia siku zilezile za moreli. Kwa sababu hiyo vaa fulana au kofia ya rangi ya machungwa inayong'aa, na acha nyumbani nguo nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo ni rangi za kichwa cha bata mzinga dume.

Ingiza suruali ndani ya soksi, kwani kupe wa kulungu hueneza ugonjwa wa Lyme, na jikague mwili mzima ukirudi. Jifunze pia mtambaa wenye majani matatu matatu na shina lenye manyoya, ambao ukiugusa huwasha ngozi kwa siku nyingi, hata wakati wa baridi ambapo hauna majani.

Hatua ya sita: kuchuma

Ukipata moja, simama. Usisogee hata hatua moja kabla ya kuzungusha macho polepole, kwa kuwa moreli haioti peke yake mara nyingi. Kata shina juu kidogo ya udongo ili mchanga usiingie kwenye zilizobaki, tikisa wadudu watoke, uipasue kama tulivyoeleza, kisha uiweke kwenye kikapu au mfuko wa wavu. Wengi hudai kuwa wavu husaidia kupanda spora njiani. Faida yake ya hakika ni hewa, maana moreli ikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki hutoka jasho na kuoza kabla hujafika kwenye gari. Zilizolainika, zenye harufu ya samaki aliyechina au zenye ukungu ziachwe zilipo.

Hatua ya saba: jikoni

Moreli mbichi ni sumu, na jambo hili halina mjadala. Mwaka 2023 mjini Bozeman, Montana, watu 51 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula moreli mbichi au zisizoiva vizuri katika mgahawa mmoja, na uyoga wenyewe ulikuwa wa kulimwa, ulioagizwa kutoka nje, si wa kuokotwa porini na mtu asiyejua. Kwa hiyo usiweke kwenye kachumbari, usionje kipande ukikata, na usidhani kuwa kukausha kunachukua nafasi ya moto.

Suuza vipande kwa maji yanayotiririka, vikaushe kwa kitambaa, kisha vikaange kwa siagi au mafuta kwenye moto wa wastani hadi maji yote yatoke, yakauke, na kingo zianze kuwa kahawia. Acha dirisha wazi. Kitunguu na chumvi kidogo vinatosha. Nazi pia inakubali, ingawa Mmarekani aliyenikuta nikiitia alinitazama kwa huruma. Mara ya kwanza kila mtu ale kiasi kidogo, asinywe pombe siku hiyo, kwa kuwa kuna watu ambao moreli na pombe havipatani tumboni mwao, na vipande viwili vizima vibakizwe kwenye friji hadi kesho. Vipande hivyo ndivyo daktari atakavyovichunguza ikitokea shida.

Ikitokea shida yenyewe, usisubiri. Sumu ya Gyromitra na ile ya Amanita huanza kuonekana baada ya saa sita au zaidi, mara nyingine siku inayofuata, na mgonjwa wa Amanita anaweza kuonekana amepata nafuu huku ini likiendelea kuharibika. Kituo cha kudhibiti sumu cha Marekani hupigiwa simu bila malipo kwa namba 1-800-222-1222 mchana na usiku, nao hutafuta mkalimani ukiwatajia lugha yako. Mtu akizimia au kupata degedege piga 911.

Zilizobaki hukaa siku chache kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi. Zikiwa nyingi, zitunge kwenye uzi kama shanga na uzitundike mahali penye hewa kavu hadi zivunjike kwa sauti zikikunjwa, kisha uzifunge kwenye chupa ya kioo. Jioni hiyohiyo, kabla ya kusahau, andika kwenye daftari tarehe, joto la udongo, aina ya mti na hali ya gome lake, na utie alama kwenye ramani ya simu elmu nyingine zozote ulizoziona zikiwa hai lakini zenye tawi moja la majani yaliyonyauka, kwa sababu mwakani, au mwaka utakaofuata, hizo ndizo utakazozirudia.